Chuma Katika Ini la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, na alipofika miaka kumi na tisa alikuwa ameongezewa damu mara nyingi mno. Hatukujua kwamba damu ile huacha chuma mwilini, na mwili hauna njia ya kukitoa. Daktari wa hospitali ya Msambweni ndiye aliyetueleza: chuma kilikuwa kimejaa kwenye ini, kinalila kama kutu inavyokula bati. Akampa vidonge vya kukiondoa.

Vidonge vile vilimtapisha. Shangazi yetu anayekaa Waa akaja na unga wa manjano na majani ya mlonge. Alikuwa amesikia redioni kwamba hulinda ini lisiliwe na kutu hiyo.

"Huu hautakutapisha, mwanangu," alimwambia.

Mama alinitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mdogo wangu kliniki. Nikanyamaza.

Baada ya mwezi hivi, asubuhi moja nikaona macho ya mdogo wangu yamezidi umanjano. Nikamwomba anionyeshe vidonge. Akanitolea pakiti nzima ya mwezi ule, haijafunguliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu shangazi aje. Nilichoka kutapika, dada."

Asubuhi ile ile tulikwenda Msambweni, mama ameukumbatia mkebe wa unga. Daktari aliufungua, akaunusa, akauliza anakula vijiko vingapi.

"Vitatu, asubuhi na jioni," mama alijibu.

"Sikulaumu, mama. Huenda vitu hivi vikapunguza makali ya chuma, bado vinachunguzwa. Lakini havikitoi. Na manjano mengi namna hii yanaweza kuliumiza ini lenyewe."

Wakamtoa mdogo wangu damu, wakampiga picha ya ini. Tulingoja mpaka adhuhuri. Mama alivuta tasbihi bila kuinua uso. Shangazi alipiga simu mara mbili, nami sikupokea, maana sikujua nimwambie nini.

Majibu yalipotoka, daktari alisema ini limeumia, ila halijafanya makovu. Akamwandikia dawa nyingine ya kuondoa chuma, ya kumeza pamoja na chakula.

"Na nikitapika tena?" mdogo wangu aliuliza.

"Uje uniambie kabla hujaacha."

Shangazi, aliyekwisha kuelezwa na mama, alikuja kesho yake akilia. Mdogo wangu alimshika mkono, akamwambia anajua kwamba yeye shangazi alimtakia kheri. Nami nikamweleza shangazi kwamba nilikuwa na shaka siku ile alipouleta unga, nikanyamaza.

Sasa chuma kinashuka, polepole. Kliniki ijayo ni Jumanne, na shangazi ameomba tumpitie Waa twende naye.