Visu Anavichagua Tsonka

Tsonka Radulova alikuwa mkereza vyuma hodari, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, pale mjini Gabrovo hadi kiwanda kilipofungwa. Miaka kumi na miwili iliyofuata alisugua ngazi za shule. Kwa hiyo Haralampi, mwenye karakana ndogo kando ya mto Yantra, alipomwita arudi kwenye mashine, aliitikia hata kabla hajaambiwa masharti.

Mwezi wa tatu karakana ilipata kazi ya kukereza mihimili ya mashine za maziwa, ya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ni kikaidi. Kila baada ya mihimili mitatu minne, ncha ya kisu cha mashine kinachokata chuma ilimeguka, na nyuzi ndefu za chuma zikajisokota kila mahali. Siku ya kukabidhi kazi ikawa inakaribia. Haralampi akamwita muuza visu vya mashine mmoja kutoka mji wa Plovdiv, jina lake Zdravko.

Zdravko alifungua sanduku lake mezani, akasema dawa ni ncha ngumu kuliko zote, na kisu kiguse chuma kidogo kidogo tu. Haralampi alikuwa ameshashika kalamu ya kuagizia. Tsonka akavaa miwani, akaokota ncha mbili zilizoharibika, akazigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Bosi, hizi hazikulika," akasema. "Zimemeguka. Ukileta ngumu zaidi, zitameguka upesi zaidi."

Zdravko akatabasamu. "Shangazi, mimi nina vipimo vya kiwandani."

"Na mimi ninazo ncha zenyewe hapa, mwanangu."

Akaeleza kwamba chuma kile kikisuguliwa juu juu kinazidi kuwa kigumu. Kinataka ncha kali lakini stahimilivu, tena izame hasa. Akachagua moja kutoka safu ya chini ya sanduku, ambayo Zdravko hakuwa hata ameitaja.

Akaifunga kwenye mashine. Kama angekosea mbele ya watu wale, nani angemsikiliza tena? Akafungulia maji ya kupoozea, akakiingiza kisu ndani kuliko walivyozoea. Mashine ikanguruma, kisha sauti ikatulia. Chenga zikaanza kudondoka, fupi, zimejikunja kama tarakimu 6. Mhimili wa kwanza ukatoka unang'aa. Wa kumi pia. Ncha ilibadilishwa baada ya wa ishirini na saba, nayo ilikuwa imelika taratibu tu, haikumeguka.

Zdravko alikuwa hajaondoka. Alivuta kiti, akatoa daftari, akamwomba shangazi arudie maelezo yale ya kusugua.

Haralampi alimkabidhi Tsonka ufunguo wa kabati la visu. "Kuanzia leo unachagua wewe," akasema. "Mimi nitatia sahihi tu."

Tsonka akautia ufunguo mfukoni. Jumamosi alikuja peke yake, akamwaga kila kitu cha kabatini juu ya meza, akatupa karibu nusu yake, na kilichobaki akakipanga upya, huku akiimba kwa sauti ambayo hakuitumia shuleni hata siku moja.