Mshushieni Mwanangu Ufito

Tangu shule ya msingi walimwita Mlingoti, na mwenyewe hakununa. Alikuwa mrefu kweli, wa kufuta utando wa buibui darini bila kupanda kiti. Mama yake, fundi makochi, alimtaka karakanani avute vitambaa vya viti. Mlingoti alitaka kuruka juu. Alikuwa akifunga kamba ya nguo uani, anakimbia, anajipindua chali hewani, anatua kwenye mabaki ya sponji. Siku moja alipitiliza sponji, akavunjika bega. Mama alilia, akafoka, kisha, ajabu ya Musa, akakusanya mabaki yote akamshonea godoro nene, mshono maradufu.

"Usidhani nimekubali," alisema. "Naiokoa shingo yako tu."

Juu ya godoro hilo Mlingoti akaiva. Akawa bingwa wa shule, kisha wa mkoa. Mama hakwenda kumtazama hata mara moja, roho haikumpa. Ila ubingwa wa taifa ukagoma, kila mwaka nafasi ya pili, mpaka mama akachoka.

"Nakupa mwaka huu mmoja. Ukishindwa, mchezo basi, unashika sindano."

"Sawa, mama."

"Sawa ya mdomoni au ya moyoni?"

"Ya moyoni." Uongo mtupu, lakini ahadi ni deni.

Siku ya siku ikafika. Mlingoti aliruka kama hana mifupa. Wenzake wakaangusha ufito mmoja mmoja hadi akabaki peke yake. Bingwa! Na aliyeshinda ana haki ya kuomba ufito upandishwe, ajaribu kuvunja rekodi. Akaomba. Akaruka, akauangusha. Akarudia, ukaanguka tena. Likabaki jaribio moja.

Sasa, nani anaingia uwanjani wakati huo, kilemba upande, nyuzi zimemganda begani? Mama! Uzalendo ulikuwa umemshinda. Alikuwa amefika jukwaani punde tu, hakujua yaliyotangulia, alichoona ni mwanawe akiangusha ufito, mara ya kwanza na ya pili. Mlingoti alipomwona anavuka kamba ya watazamaji, akajua mama kadhani ameshindwa. Amekuja kudai ahadi yake.

Kumbe wapi! Mama alimwendea mwamuzi.

"We baba, huna watoto? Mbona wangu mmemwekea juu hivyo? Mshushieni!"

"Mama, huyu ameshashinda. Hapo anatafuta rekodi."

"Ameshinda?"

"Zamani!"

Mama akamgeukia bintiye, macho yamelowa. "Basi unangoja nini? Ruka, mwanangu!"

Miaka yote hiyo Mlingoti hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mama. Akakimbia, akapaa, mgongo ukavuka ufito bila hata kuugusa. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Alilia kwa furaha palepale alipoangukia.

Mama ndiye aliyewahi kumfikia. Akamkumbatia, akamgeuza akakagua bega, kisha akalibonyeza lile godoro la uwanja kwa ngumi, akaguna.

"Nani kashona takataka hii? Msimu ujao unatua kwenye langu."