Chipu Isiyo na Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Karatu mjini, Fundi Mkuu alinitazama vidole kabla hajaniuliza jina. "Wewe mtoto wa kijijini Qurus umezoea jembe," akasema. "Hapa tunashika vitu vidogo kuliko chawa." Tulitengeneza redio za mawasiliano za magari ya watalii, na bwana yule, Mchaga asiyejua kusifu mtu, ndiye aliyenifundisha kulehemu.

Ninyi vijana wa leo mnabadilisha kifaa kizima, halafu mnajiita mafundi! Miaka ya elfu mbili zilianza kuja chipu zisizo na miguu. Sehemu za kuunganisha zimejificha tumboni, ncha ya moto haifiki. Nilijifunza kuzishika nyumbani, kwa kupenda tu. Unapaka risasi ya kulehemu, nyembamba, kwenye bodi, unatia fluksi ili risasi ishike, unaweka chipu kwa kibano, kisha unapasha bodi kwa chini juu ya kikaango cha mchanga. Risasi ikiyeyuka, chipu inajivuta yenyewe mahali pake. Raha yake sijui niielezeje.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kimaasai kutoka Nainokanoka na kinasa sauti cha mwanawe, mwongoza watalii aliyekufa kwa ajali ya gari. Sauti ya kijana ilikuwa humo, na sasa kimenyamaza. Nilipokifungua kilinuka moshi na mafuta ya kondoo. Alikuwa akikitunza kama kibuyu cha maziwa: anakifukiza, anakipaka mafuta kisipasuke. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka chini ya chipu, nayo imeachia.

"Usiguse," Fundi Mkuu akaniambia. "Ukizidisha moto, sauti ya mtoto wa watu imekwenda. Utamwambia nini?"

Niligusa. Nilisafisha kwa spiriti, nikalehemu upya huku jasho linanitoka. Kikawaka.

"Yeyo, takwenya!" Kijana alikuwa anamwamkia mama yake kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitikia, kama inavyopasa, machozi yanamtiririka. Fundi Mkuu alitoka nje.

Sasa nimestaafu, na mikono inatetemeka. Juzi mama yule alikuja mpaka kwangu, amezeeka, kinasa sauti kimekufa tena. Nilijaribu kushika kibano, wapi! Tukazunguka kwa mafundi wa mjini. Wote wanamwambia anunue simu. Iliniuma, jamani, iliniuma sana.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Siwezi tena."

Alikifunga kwenye pindo la shuka lake. "Wewe uliisikia sauti yake," akasema. "Basi niambie kama alivyoniambia."

"Yeyo, takwenya," nikasema.

"Iko," akaitikia.