Choo cha Matofali ya Mjerumani

Boma la Mjerumani pale mtoni lilipoanguka, watu wa mji walijibebea matofali. Mzee Pasikali yeye alijengea choo. Miaka ikapita, wengine wakapiga plasta kuta zao, kikabaki choo hicho tu kinachoonyesha matofali ya zamani. Basi mabwana wa majengo ya kale walipokuja, wakapigilia kibao mlangoni: JENGO LA KIHISTORIA.

"Mzee, wewe ndiye mlinzi," mkubwa wao akasema. "Asiingie mtu."

"Na mwenye choo je?"

"Hata wewe."

Pasikali ni mtu wa kutii. Akawa anavuka daraja kwenda kujisaidia kwa shemeji yake Niyomwungere, aliyemcheka kila siku: "Karibu mlinzi! Chetu hakina historia, lakini kina shimo."

Ila asubuhi moja tumbo lilimvuruga, daraja likawa mbali mno. Akatazama huku na huku, akaingia kwake.

Mara wakafika wanafunzi na Mwalimu Nadine kutazama jengo. Mwalimu, kwa adabu ya huku, akakohoa kabla ya kugusa mlango. Pasikali, kwa adabu hiyo hiyo, akakohoa ndani kuonyesha kuna mtu.

Watoto wakarudi nyuma. "Mwalimu, Mjerumani bado yumo!"

"Basi msalimieni."

"Shikamoo!"

Pasikali akakiwaza kibao, akaiwaza na aibu. Lakini shikamoo ya watoto utaiachaje?

"Marahaba, wanangu," akaitika. "Subirini kidogo, mlinzi anatoka kuwafungulia."