Mgongo wa Orval Tveit

Orval Tveit alikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo na tumaini moja tu: alazwe kifudifudi, mgongo ubonyezwe, ulie "kwa!", ainuke mzima arudi kukamua. Ng'ombe arobaini na wawili hawasubiri mgongo wa mtu. Yeye na mkewe Marlys walikuwa wamekubaliana kwamba asipopona kufikia mwisho wa kiangazi, ng'ombe wangeuzwa wote.

Danika, mtaalamu mwenyewe, binti wa rika la kitinda mimba wake, hakubonyeza kitu. Aliuliza.

"Mzee Tveit, sifuri maana yake huumwi, kumi maumivu hayavumiliki. Leo uko ngapi?"

"Mbili."

Marlys alikohoa. Tangu Januari ndiye aliyekuwa akimvisha soksi. Alifumbua kinywa, Orval akamkata jicho, akakifumba. Naye Marlys, kama mumewe, ni mtu wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako aliyekatwa vidole na mashine husema si mbaya sana, na ukimhurumia umemtia aibu. Baba yake Orval alianguka zizini, akasema "nimechoka kidogo tu," wakamzika Jumamosi. Wagumu hao, na wajinga vilevile, Mungu awasamehe.

Basi Danika akampa mazoezi ya mtu wa mbili: alale sakafuni, ainue goti hili, kisha lile. Garini Orval akanung'unika.

"Maili thelathini zote hizi nikafundishwe michezo ya watoto?"

"Si ungemwambia ukweli?"

"Mkono wa fundi hauhitaji kuambiwa. Mimi nikishika kiwele najua ng'ombe anaumwa wapi. Nani huniambia?"

"Ng'ombe hana maneno, Orval. Wewe unayo, umeyakalia tu."

Kila wiki aliulizwa, kila wiki akajibu mbili, huku akingoja mikono ya Danika igundue yenyewe. Wiki ya tano Danika akamwambia anaendelea vizuri, wagonjwa wanaongoja ni wengi, kwa hiyo amalizie mazoezi nyumbani. Orval akamshukuru, akamwachia chupa ya jamu. Kisha ilimchukua robo saa kupanda gari.

Septemba dalali alikuja, na kufikia saa sita mchana zizi lilikuwa tupu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mnada.

Novemba, baada ya ibada, walikutana na Danika katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kwenye foleni ya kahawa.

"Mzee wangu, mgongo unasemaje?"

Orval hakuwa na cha kulinda tena. "Nane," alisema. "Ulikuwa nane tangu siku ya kwanza."

Danika akaweka kikombe mezani. "Mungu wangu! Kwa nini hukusema? Kwa nane ningekuja zizini nione unavyoinama. Si nilikwenda kwa Lindahl, mfugaji mwenzako? Tulimbadilishia namna ya kuchuchumaa, tukamwekea kigoda, na anakamua hadi leo."

"Lindahl alikwambia ngapi?"

"Tisa. Tena alilia."

Orval alimjua Lindahl tangu shule, na miaka yote hiyo alimcheka kwa ulegevu wake. Machozi yake mwenyewe yalimtoka pale pale kwenye foleni, watu wakitazama, miezi miwili baada ya ng'ombe kuondoka.