Kiingereza cha Bi Kazija

Bi Kazija alijifunza Kiingereza kwa kusikia tu, miaka tisa jikoni kwa daktari wa Kizungu, Vuga. Baada ya mapinduzi daktari akenda zake, naye akabaki hana kazi. Akaenda kuomba kazi kwenye nyumba ya wageni, Shangani.

Msimamizi, Bwana Borafya, akamwambia, "Haya, Bi Kazija, mkaribishe mgeni huyu kwa Kiingereza, nisikie."

Bi Kazija akamkazia macho mgeni. "Put it down! Take them off!" Yaani mkoba weka chini, viatu vua. Mgeni akatii mbio.

"Lo! Wamwamrisha mgeni?"

"Kiingereza nlichosemeshwa mimi ndicho hichi. Chengine sikupewa."

Kazi akaikosa. Akajitanda buibui lake, akatoka kwa mlango wa mbele, wanaopita wageni.