Nilichomwambia Bibi Salome

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikikuona umeinamia kompyuta unapima picha za vichwa vya watu. Mpaka leo inanitia hofu.

Nilikuwa kijana, msaidizi katika utafiti wa wazee wa huku kwetu Singida. Kila baada ya miaka miwili tuliwapiga picha za ubongo, tukalinganisha vipimo vipya na vya zamani. Bibi Salome wa Mungaa alipokuja mara ya pili akaniuliza, "Mjukuu wangu, kichwa changu kinaendeleaje?"

Kumjibu haikuwa kazi yangu. Lakini nilikuwa nimeona namba za ukubwa wa ubongo wake zimeshuka, na nilipenda nionekane najua. Nikamwambia ubongo wake unasinyaa haraka.

Alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Wiki iliyofuata nikampelekea mkuu wangu, Daktari Mwanaidi, namba zile. Akaniuliza taratibu, "Wengine umewatazama?"

Nikafungua vipimo vyao. Wote walikuwa wameshuka, tena karibu sawasawa.

"Wazee wote hawa wasinyae kwa pamoja? Mwaka jana tulibadilisha mashine, na hii mpya haipimi kama ile. Kuna mtu umemwambia?"

Nilipomjibu, alivua miwani. "Twende Mungaa sasa hivi."

Njia nzima niliogopa tungekuta msiba. Tulimkuta amekaa uani, mafiga yamepoa. Alikuwa ameacha kupika asije akasahau moto ukaunguza nyumba, na mjukuu mdogo aliyekuwa akiishi naye alishamrudisha kwa baba yake, Kinyangiri.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Nilikosea. Kilichobadilika ni mashine, si kichwa chako."

"Marahaba. Sasa nitajuaje kama leo hujakosea tena?"

Daktari ndiye aliyekaa naye akamweleza mpaka jua likashuka. Mjukuu alirudi baada ya mavuno, na bibi aliishi miaka mingi na akili zake timamu. Lakini kila aliposahau jambo dogo, hata jina la jirani, alikaa chini akitetemeka. Hofu ile nilimpa mimi, na sikuweza kuiondoa tena.

Basi, mwanangu, kabla hujasema mtu amebadilika, hakikisha kwanza kilichompima hakijabadilika. Tazama na wenzake. Usichokijua, sema hukijui, na lisilo lako kulisema mwachie mwenye kazi hiyo. Namba inafutika kwenye kompyuta. Neno ulilomwambia mtu halifutiki.

Mungu akupe macho makini na ulimi usio na haraka, na wazee utakaowapima wakutaje kwa heri.